Divai haikuharibika

Papa Bibiane,

Usiimwange ile Chardonnay. Haikuharibika. Asubuhi uliionja, ukanipigia kelele mbele ya Tonton Adalbert: "Ona, huyu mwanamuke aliiweka karibu na kuni, sasa inanuka mbao!" Chupa ilikuwa na kizibo, harufu ya kuni ingepita wapi? Ni divai yenyewe ililala kidogo ndani ya pipa ya mbao. Madame niliyekuwa ninamupigia pasi alikuwa ananunua ya vile kila juma, juu ni ya bei ndogo na ni nzuri. Mimi nilikuwa naangalia.

Uifunge na kitambaa chenye maji, uiweke penye upepo mpaka saa kumi, wakati wazungu watakuja kuona kama nyumba yetu inastahili carte du mérite civique, ile kadi ya serikali ya kuonyesha tumestaarabika. Isiwe baridi sana, ladha itapotea. Usitie sukari, si chai! Glasi nusu tu. Uwape na samaki, nimeshaikaanga bila pilipili. Na wewe kunywa polepole, usimeze kama dawa.

Chemise yako nimeipiga pasi. Nimetoka mara mbili, nikarudi tena kuandika. Mutoto niko naye.

~~Nitarudi mbele ya saa kumi.~~ Tuko kwa mama yangu, kule Kasha.

Kwa rafiki yako Marcellin, siku wazungu walikuja kuangalia nyumba yake, hawakuanza na glasi. Waliuliza kwanza: "Madame iko wapi?" Mambo ya divai nimekufundisha. Hiyo jibu, utafute wewe mwenyewe.

Mama Bibiane