Nalegeza Plagi ya Ngazi Ili Gari Lirudi Gereji

Mpendwa mshauri, Shangazi yetu wa kila Jumatano, shikamoo, na nakuomba unishike mkono upesi maana Jumamosi inakuja mbio, na mimi hapa nimejifungia stoo ya gereji naandika juu ya boksi la betri huku mjomba akidhani natafuta fyuzi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi umeme wa magari, nafanya kazi kwenye gereji ya mjomba wangu, na sijisifu lakini waya ukinisumbua kwa zaidi ya nusu saa basi huo waya umejitahidi. Sijaolewa, na nilikuwa nimetulia zangu kabisa, mpaka miezi mitatu iliyopita lilipoingia getini gari moja la kifahari la zamani, lile la kupanda milima na kuogelea matope, viti vya ngozi, na pembeni lina ngazi zinazojitokeza zenyewe ukifungua mlango na kujikunja chini ya gari ukifunga. Ngazi ya upande wa abiria ilikuwa imegoma, haitoki. Akashuka dereva, Shangazi, akashuka, akazidi kushuka, maana huyo kiumbe ni mrefu haishi, na mafundi wenzangu papo hapo wakambatiza Mrefu. Ni mfamasia, anaongea polepole, kucha safi, hajaoa (nimeuliza, na si mara moja). Pembeni yake alikaa mama yake mzazi, nesi mstaafu, mfupi, magoti yamechoka ila mdomo bado mpya kabisa.

Sasa ngazi yenyewe ugonjwa wake ulikuwa mdogo tu, pini zimeganda kwa tope la miaka na plagi ya mota imeota kutu ya kijani, basi nikalala chini ya gari, nikasugua pini kwa brashi na mafuta ya taa, nikapaka grisi, nikasafisha plagi, na muda wote huo Mrefu amechuchumaa ananishikia tochi, na anaishika vibaya jamani, ananimulika usoni badala ya kumulika mota, namwambia, "Kaka, mota iko huku," anasema, "Samahani fundi," dakika haijapita mwanga umerudi puani kwangu. Mama alipofungua mlango ngazi ikatoka zzzz, akapiga makofi peke yake kama mtoto. Akaniambia, "Mwanangu, marehemu mume wangu alichagua gari hili kwa sababu ya ngazi tu. Alisema nipande na kushuka nikiwa bibi wa mtu, si mzigo wa mtu."

Hapo kazi ilikuwa imeisha na ningenawa mikono. Lakini nikawaza, nikiimaliza kweli kweli, huyu atarudi gereji kufanya nini? Na shetani, Shangazi, hana ratiba nyingine. Plagi ile ina kishikizo cha plastiki, ukiisukuma mpaka mwisho kinalia ta, na baada ya hapo haichomoki mpaka ukibonyeze kwa kidole. Mimi nikaisukuma nusu. Ta sikuisikia, na sikutaka kuisikia.

Baada ya wiki mbili, honi getini, gari hilo hapo! Nilitoka mbio nikajikwaa kwenye jeki nikaangukia matairi nikainuka nacheka. Nikarekebisha, tukapiga soga, akanimulika usoni, nikaisukuma nusu tena. Likarudi mara ya tatu, nusu tena. Mara ya nne likaja na maajabu, kwamba mbali na ile ngazi ya abiria, sasa na ngazi ya upande wa dereva, ambayo sijawahi kuigusa hata kwa kidole, nayo imegoma. Nikaingia chini nikakuta plagi yake imechomoka kabisa inaning'inia, safi, kavu, kishikizo kizima, nikasema labda ni panya. Ile nikaichomeka vizuri, ta, kwa kuwa upande huo sina kesi nao, ya abiria nikaisukuma nusu kama kawaida, na moyoni nikamshukuru panya, maana kazi zilikuwa mbili na Mrefu alikaa jioni yote akanimalizia karanga zangu zote na kunisimulia habari za wagonjwa wanaotafuna dawa ya kupaka. Nilirudi nyumbani naimba njiani, watu wakinipisha.

Kumbe raha yangu ilikuwa inamla mtu mwingine. Jumamosi iliyopita wamekuja mara ya tano, safari hii na mama, nikamwona anashuka kwa kukanyaga kreti la soda ambalo siku hizi linasafiri nao kwenye buti. Akatusimulia huku anacheka. Anasema walifika mbele ya kliniki, akafungua mlango, akashusha mguu bila kuangalia kama alivyozoea miaka yote, ngazi haipo, akakanyaga hewa, akabaki amejitundika kwenye mpini wa mlango mpaka mwanawe akazunguka mbio kumdaka. "Nilining'inia kama koti!" Gereji nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini nikaona bado hajauachia mpini wa mlango. Kisha akanigeukia mimi, mimi huyu huyu, akasema, "Fundi wangu, usijilaumu, umejitahidi mno. Gari limezeeka kama mwenyewe. Jumamosi ijayo isipopona, liuzwe, tusitesane."

Shangazi, nilitamani shimo la kukagulia magari linimeze na kreti lake. Nilishindwa hata kulala chini ya gari. Nikadanganya kwamba kuna kifaa lazima kiagizwe, waje tena Jumamosi, na uongo huo ukanifanya niwe na miadi ya sita, na hapo hapo katikati ya aibu, nisamehe, moyo ukaruka kwa furaha kwamba nitamwona tena. Sasa nifanye nini? Nikiifunga plagi kimya kimya, ngazi itapona na Mrefu sitamwona tena. Nikisema ukweli, ataniona mimi ni mtu aliyetaka kumvunja mama yake, na jina la gereji ya mjomba litaenda na maji. Nikinyamaza, gari la marehemu linauzwa kwa sababu ya kidole changu. Nishauri, na kama lazima ucheke, cheka kidogo.

Ni mimi,
Fundi wa Nusu Plagi

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi wa Nusu Plagi, marahaba. Umeniambia nicheke kidogo. Nimecheka mpaka mhariri akatoka ofisini kwake kuuliza kama niko mzima. Ulipojikwaa kwenye jeki nililazimika kuvua miwani nifute macho. Lakini nilipofika kwenye kreti la soda nikaacha kucheka, na wewe sasa hivi acha, tuongee.

Mwanangu, mimi pia nina magoti. Unajua ngazi iliyokufa moja kwa moja haina hatari kubwa? Mtu anajua haipo, anajipanga. Ngazi inayotoka leo na kesho isitoke ndiyo inayovunja nyonga, na ukivunjika nyonga kwa umri wa mama yule, kuinuka ni majaliwa. Wewe ni fundi, ulilijua hilo kabla yangu, na ukaisukuma nusu mara nne. Mara nne! Mara ya kwanza nitaiita wazimu wa mapenzi. Ya pili, ya tatu na ya nne ni uovu, hata kama ulikuwa unaimba njiani. Mama kaning'inia kama koti, halafu yeye ndiye anakutuliza wewe usijilaumu. Huoni haya? Unaona, najua, ndiyo maana umejifungia stoo.

Haya. Nimekusema, nimemaliza, sogea karibu nikuulize jambo. Huyo panya wako ni wa aina gani? Umeniandikia kwa mkono wako kwamba plagi ile haichomoki mpaka mtu abonyeze kishikizo kwa kidole. Umeniandikia kwamba ilikuwa safi, kavu, haijavunjika. Panya anatafuna waya, binti yangu, habonyezi kishikizo akachomoa taratibu akaondoka zake. Na ni ngazi ya upande wa nani iliyogoma? Ya dereva. Mwanaume ambaye akishuka mnaona haishi, tangu lini amehitaji ngazi? Nimemsomea dereva wa ofisi yetu kipande hicho, akaniuliza, "Huyu ni fundi kweli?" Nikamjibu ni fundi, ila amepofuka kwa kumulikwa usoni. Ndiyo, na ile tochi nayo. Mfamasia anasoma maandishi ya madaktari, atashindwa kuelekeza tochi kwenye mota?

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ninyi wawili mnakoholeana miezi mitatu chini ya gari na kila mmoja anadhani mwenzake ana mafua. Usianze kurukaruka, nakuona. Sijamaliza. Kama yule naye amechomoa plagi, basi mmefanya kosa moja watu wawili, ingawa lake ni dogo maana alichezea upande wake mwenyewe, na wewe ulichezea upande wa mama. Tembo wakipigana nyasi huumia, na ninyi mmethibitisha kwamba wakipendana huumia vile vile.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Leo hii, ukishamaliza kusoma gazeti hili, toka stoo umwambie mjomba. Atafoka. Mwache afoke, ni gereji yake na ni haki yake, na afadhali alisikie kwako kuliko kwa mteja. Kisha omba ruhusa, beba vifaa vyako, nenda nyumbani kwa mama. Usimngoje aje, umemtembeza vya kutosha. Na usianze kwa mwanawe. Ukianza kwa mwanawe utakuwa umekwenda kuchumbia, si kuomba radhi. Kaa mbele ya mama, umwambie kwa maneno machache, "Mama, gari lako halijazeeka. Ni mimi niliyelegeza, makusudi, mara nne, na hakuna kifaa chochote nilichoagiza." Akikuuliza kwa nini, sema kwa nini. Amekuwa nesi maisha yake yote, amesikia maungamo mabaya kuliko hayo. Akikufukuza, ondoka kwa adabu na umwachie mjomba aimalize kazi. Akikusamehe, ingia chini ya gari, sukuma ile plagi mpaka ilie ta, umwite aisikie mwenyewe, kisha afungue na kufunga mlango mara ishirini mbele yako. Usichukue hata shilingi.

Baada ya hapo, na si kabla, mgeukie Mrefu umuulize mbele ya mama yake, "Kaka, plagi ya upande wako ilichomokaje?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akianza habari za panya, mwambie Shangazi ameshamkataa panya huyo.

Huenda nimekosea, mwanangu. Huenda mtoto wa watu hana habari na wewe, na plagi ilichomolewa na mwosha magari fulani. Hata hivyo utamuuliza, na siku nyingine ukitaka mtu aje, utamwambia njoo. Akikataa utalia siku mbili tatu, utapona, na hakuna mama wa mtu atakayekuwa ameanguka.