Nywele Zilizo Ndani ya Kobe wa Shaba

Kimumu, Eldoret

Dada yangu Mama Akoth,

Watu wengi wakiachiwa kimto cha pini cha zamani, kosa lao ni kukipasua waone kina nini ndani. Nawe umefanya hivyo, sikulaumu. Natumaini mguu umepungua uvimbe na mvua imewafikia. Hapa ni baridi. Ninakula, ninalala.

Jana ulikata simu kabla sijamaliza, kwa hivyo nimempa mwanao Ouma barua hii akufikishie leo. Ulisema, "Mwalimu, huyu kobe wa mkeo ana nywele za mtu tumboni." Nikakuambia ni za Rosa mwenyewe. Ukasema, "Basi ndipo wachawi walipompatia. Kesho jioni pasta anakuja tuzichome."

Acha nieleze. Unajua Rosa alikuwa fundi wa nguo, na alipenda vyombo vya kushonea vya zamani. Huyo kobe alimpata kwa watu wa Elgon View waliokuwa wakihama. Mwili ni shaba, mgongo ni kitambaa cha kuchomekea pini. Pamba ya ndani ilikuwa imeoza na pini zilishika kutu. Nywele zina mafuta, na mafuta huzuia kutu. Ndiyo sababu mafundi wa zamani walizijaza humo. Kila asubuhi akawa anatoa zilizobaki kwenye kitana na kuziweka. Nilimwambia, "Mama, watu watasema." Akajibu, "Waseme. Pini zao zina kutu."

Halafu akaugua, na dawa za hospitali zikamaliza nywele zote. Kile kitambaa cha kichwani tulichomzika nacho ulimfunga wewe. Baada ya matanga uliomba kitu cha kumkumbuka, nikakupa kobe bila kuwaza. Nguo ziligawanywa. Kitana nilikitafuta, alikuwa amekiosha.

Vyombo vyake vingine viko hapa kwenye rafu: kiatu cha bati, ndege anayeshika kitambaa kwa mdomo, kastabani zake za kuvaa kidoleni. Navipangusa vumbi. Sisikii uchungu wala nafuu. Lakini nywele zake hazipo mahali pengine popote duniani.

Nisalimie mzee wako, na shangazi anayeuza samaki wadogo, omena. Mwambie zile alizotuma zilinifikia.

Pasta akija mpe chai. Ila kabla hajafika, leo hii, rudisha nywele ndani ya kobe na umshone mgongo.

Ndugu yako,
Mwalimu