Panzi wa Nyuma ya Jiko

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mimi mzima, ni magoti tu yanayonisumbua. Paka amezaa watatu, wote wana sura ya baba yao mwizi.

Sasa sikiliza, na usicheke. Ulipoondoka umenuna, nilichukua fyekeo nikalimaliza lile pori lako la nyuma ya jiko, ulimokuwa ukichuchumaa na daftari kutwa nzima ukiandika wadudu. Nilisema ni uchafu. Nilifyeka mpaka udongo ukabaki mtupu, nikajisifu.

Wiki ya pili panzi wakaisha. Ya tatu, kuku wakaanza kunifuata hadi chumbani kama nimewaficha kitu. Pumba nawapa ile ile, lakini mayai hakuna. Ndege wadogo wamehama, na mwewe aliyekuwa akiwala hao sasa anashukia vifaranga wangu. Wamebaki wawili.

Basi nimekaa kwenye kigoda nikiyachunguza maneno yako: jani hula jua, panzi hula jani, kuku hula panzi, na kila mlaji hupata kipande tu cha nguvu ya jua lile. Siku ile mimi nilikujibu, "Nani kakwambia jua linaliwa?" Nikakuita mvivu mbele ya wenzako. Sikusoma, lakini macho ninayo.

Kona ya karibu na tangi sijaigusa tena. Magugu yamenifika vifundoni. Leo asubuhi nimemwona panzi mmoja wa kijani, nikamfukuza kuku asimle.

Daftari lako nimelipangusa vumbi. Njoo umwandike mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, ambaye hatakuomba mara mbili.