Siku Injinia Awuor Alipozima Mtambo

Alhamisi, Julai. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi na baridi ya hapa mtaani Tena, Nairobi, imeingia mpaka mifupani. Nimevaa soksi mbili na bado vidole vinauma. Ila moyo umechangamka, siwezi kukaa bila kuandika.

Leo nimemwona mtu akifanya kazi yake vizuri.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Nyambura, msoma vipimo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Tunagandisha mafuta ya mawese yawe magumu, ya kutengenezea sabuni na mishumaa. Mafuta hayo hayawi magumu vya kutosha bila hidrojeni. Miaka yote kiwanda kimekuwa kikiinunua kwa mitungi, na lori likichelewa watu wanakaa tu wakitazamana. Ndipo wakurugenzi wakamwajiri Injinia Awuor, binti wa fundi wa reli, mzaliwa wa Makongeni, atutengenezee yetu wenyewe.

Anaitengeneza kwa maganda ya makadamia. Bado nashangaa nikiandika hivyo.

Maganda yanapashwa moto mkali kwa mvuke, bila hewa ya kuyateketeza, mpaka yanatoa gesi mchanganyiko inayoitwa singasi. Ndani yake mna hidrojeni, na mna monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Injinia haitupi hiyo sumu. Anaisafisha gesi lami yake, anaiongezea mvuke, kisha anaipitisha kwenye chombo chenye kichocheo. Humo monoksidi inanyang'anya maji oksijeni yake, na hidrojeni ya yale maji inabaki huru. Yaani sumu ndiyo inayotuongezea kile tunachokitaka. Mwisho kuna vichujio vya kubakiza hidrojeni tupu.

Leo wakurugenzi walikuja kuona kabla ya kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Tuko sita tulioajiriwa kwa ajili ya mtambo huu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ukifungwa itakuwaje.

Saa nne hivi nikaona kipimo cha monoksidi mwisho wa bomba kimepanda. Kidogo tu. Nikajiambia kitashuka. Wageni walikuwa nyuma yangu na helmeti zao mpya, wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Sikusema kitu, wala sikuandika kitu. Dakika kumi zikapita, kikapanda tena.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Injinia akapita, akatupa jicho kwenye kipimo, akasimama.

"Gesi hii haiendi kwenye mafuta," akasema. "Itatuharibia nikeli yote ya kugandishia mafuta kule."

Mkurugenzi mkuu, mzee wa maneno machache, akamuuliza kama haiwezekani kusubiri wamalize kuzunguka.

"Hapana, mzee. Nazima sasa. Naomba mrudi saa kumi."

Akaielekeza gesi nje ikachomwe, akazima. Wageni wakaondoka bila kuaga. Wafula, mtu wetu wa boila, akaninong'oneza, "Nyambura, hapa tumekwisha." Mimi pia niliona tumekwisha.

Injinia hakulaumu mtu. Alituuliza swali moja: mvuke unafika wote? Vyuma vilipopoa, akafungua chujio la bomba la mvuke kwa mikono yake. Limejaa ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, wa maji yetu ya kisima. Mvuke ulikuwa unapita nusu, kwa hiyo nusu ya sumu ilikosa maji ya kubadilishana nayo.

Tulichuchumaa wawili tukisugua chujio kwa brashi ya waya. Nikashindwa kunyamaza.

"Injinia, mimi nilikiona mapema. Dakika kumi kabla yako."

Hakuinua kichwa. "Umeandika?"

"Bado."

"Nenda uandike. Saa uliyoiona wewe, si saa niliyoiona mimi." Nilipoinuka akaongeza, "Na siku nyingine niite, hata kama nimesimama na rais."

Ni hayo tu. Nilirudi nikaendelea kusugua, uso unawaka.

Saa kumi gesi ilitoka safi. Nilikisoma kipimo mara tatu kabla ya kutamka. Mafuta yalipokea hidrojeni, na sampuli ya kwanza ikaganda kwenye sahani, nyeupe, ngumu ukiigonga kwa kucha. Wafula alicheka peke yake kama mtu aliyepigiwa simu nzuri.

Mkurugenzi mkuu akaishika ile sampuli, akauliza, "Sasa hii ni nafuu kuliko mitungi?"

Nilitamani aseme ndiyo. Sote tulitamani.

"Kwa sasa, hapana," akasema Injinia. "Tukiwasha asubuhi na kuzima jioni, maganda mengi yanaishia kupasha vyuma moto tu. Itakuwa nafuu tukiwasha usiku na mchana, na gesi inayobaki kwenye vichujio tukaichoma kwenye boila badala ya mafuta mazito. Pia tuyaondolee maji ya kisima chokaa yake kabla hayajaingia kwenye boila. Bila hayo matatu, mzee, endelea kununua mitungi."

Mzee aliigeuza ile sampuli kiganjani. Halafu akamgeukia karani wa stoo. "Mitungi ya mwezi ujao usiagize," akasema, akaondoka.

Injinia akatutuma tukanywe chai. Yeye akabaki akipanga zamu za usiku na mchana, kalamu mdomoni.

Nimekuwa nikidhani ujuzi ni kujua mvuke unaenda wapi na moto uwe kiasi gani. Hayo nitajifunza, naamini. Lakini ile "hapana" ya pili, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukufungia mradi, wakati umeshashinda na unaweza kunyamaza tu ukapigiwa makofi, hiyo inafundishwa wapi?