Chumvi ya Majivu kutoka Butembo

Butembo, 4 Mei 2025

Mwanangu Florent,

Salamu nyingi sana. Umeamkaje, na hizo figo zako zimeamkaje? Sisi huku tuko wazima, isipokuwa masikio yangu, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nakusikia kama mtu aliye ndani ya pipa.

Nasikia daktari amekukataza chumvi ya duka. Mtu atakulaje maharagwe yasiyo na chumvi? Nimekuchomea maganda ya ndizi, nikachuja majivu, nikachemsha maji yake mpaka yakakauka ikabaki ile chumvi yetu, aliyokuwa akipikia bibi yako. Hii haitoki dukani, basi hawakuikataza. Dereva Barthélemy anakuletea kopo. Kula bila woga.

Mama yako

Goma, Keshero, 25 Mei 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Masikio yanaendeleaje? Kopo limefika, na maharagwe yamerudi kuwa maharagwe. Asante sana.

Muuguzi wangu, Joviale, hataki nikae kwenye cherehani siku nzima. Anataka nitembee kila asubuhi, polepole. Basi natembea kando ya ziwa, juu ya mawe meusi ya volkano. Lakini usinicheke, Mama: miguu iko ziwani, mimi niko kwenye barabara ya kuja kwako. Najiambia hapa ni Kibumba, na kweli nasikia baridi yake, naona kabichi zimepangwa kando ya njia. Safari yenyewe siiwezi sasa, na hatari za njia unazijua. Jana nimefika Rutshuru. Ila miguu inakuwa mizito, sijui kwa nini.

Mutoto wako

Butembo, 15 Juni 2025

Mwanangu,

Hujambo? Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikajifunga kitenge nikatoka. Mimi pia natembea sasa, kwenda kanisani na kurudi, lakini nimeshafika Lubero! Tukutane Kanyabayonga, pale juu ambapo bonde lote linaonekana na ukungu umelala chini. Atakayetangulia amngoje mwenzake.

Miguu mizito ni njaa hiyo. Nakutumia kopo la pili, kubwa zaidi. Usitie kwa kubana.

Mama yako

Butembo, 27 Julai 2025

Florent mwanangu,

Uko? Barthélemy alikuachia kopo mwezi uliopita, na safari hii amerudi mikono mitupu, bila barua. Anasema mlango wako umefungwa na cherehani haisikiki. Mimi nimefika Kanyabayonga zamani, nimekaa. Ukungu umeziba bonde, sioni mtu anayepanda. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Goma, Keshero, 17 Agosti 2025

Mama,

Nipo. Nisamehe kwa ukimya huu. Nilianguka kule kando ya ziwa, moyo ukipiga ovyo, wavuvi wakanibeba hospitali. Joviale akakaa kando ya kitanda akaniuliza, “Papa, kwenu unakulaka nini?” Nikamwambia chumvi sili, natumia ile ya mama tu. Akaomba kuiona, mtu akaileta kutoka nyumbani, nikamweleza inavyotengenezwa.

“Hii ya majivu iko na potasiamu mingi sana,” akasema. “Figo yako haiwezi kuitoa. Inabaki mu damu, inasumbua moyo. Kwako iko mubaya kushinda ya duka.”

Nilitaka kukuandikia kwamba ilikuwa malaria. Joviale akakataa. “Usipomuambia mama, atakutumia kopo ingine.”

Anasema figo bado zina nguvu kidogo, tuzilinde. Sasa viazi namenya, nakata vidogo, naloweka, nachemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, ili potasiamu itoke. Sombe, yale majani yetu ya muhogo, na ndizi ni mara chache, kwa kipimo cha Joviale. Ladha ni kitunguu saumu na ndimu kidogo. Kutembea nimeanza upya, niko Kibumba. Kopo la pili sikulifungua. Nalishika tu wakati mwingine, nakukumbuka.

Mutoto wako

Butembo, 7 Septemba 2025

Florent,

Leo siulizi afya, naogopa jibu.

Nimelia sana. Nilikuwa nakuua kijiko kwa kijiko, huku nakuombea rozari. Kisha nikakasirika, kwa sababu ya hiyo malaria yako. Mimi ni mama yako, si mgeni wa kufichwa sufuria! Ukinificha tena, nitakuja kukuua kwa mkono.

Chungu cha kuchujia majivu nimekivunja. Msalimie Joviale. Mwambie kwamba huko yeye ndiye mama yako, mimi nimekubali.

Barthélemy anakuletea kopo jingine. Usiogope, na usionje. Ni udongo mwekundu wa mbele ya mlango wetu. Umwage kizingitini kwako, juu ya mawe meusi ya huko. Miguu ikikataa, iwe Kibumba au Rutshuru, usijilazimishe kupanda mpaka Kanyabayonga. Mimi nimeshateremka, nimerudi nyumbani. Geuka polepole, urudi kwako, ukanyage udongo huo. Utakuwa umefika, na mlango nimeuacha wazi.

Mama yako