Kwa Baba, Aliyesoma Watu kwa Nguo Zao

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ulipotutoka alfajiri ile, ukiwa umekwisha kujaza maji kwenye karo la kulowekea nguo. Mama aliyamwaga baada ya maziko. Hakuna aliyemwambia ayamwage, na hakuna aliyemzuia.

Wapo watakaosoma maneno haya nao hawakukujua. Tuwaambie tu kwamba ulikuwa dobi, na chumba chako cha kazi kilikuwa kile cha mbele, chenye dirisha linaloangalia barabara na meza ndefu uliyoivisha blanketi kuukuu. Mtaa mzima ulikuita Mzee Kola, kwa sababu mtu akikusalimia ulimtazama shingoni kwanza, usoni baadaye.

Ulikuwa mpole, Baba. Nguo ya mfiwa uliitanguliza mbele ya zote, hata kama tajiri amesimama mlangoni anatikisa funguo za gari. Kitu ulichokikuta mfukoni mwa mtu ulikirudisha kimefungwa kwenye kitambaa, na ulichokisoma humo hukukisema kwa Mama wala kwa mtu yeyote. Kila shati ulipomaliza kulifunga vifungo ulilitaja jina la mwenyewe kwa sauti ya chini na kusema, "Mungu amtunze." Sisi watoto tulidhani hiyo ni sehemu ya kupiga pasi. Kaka mkubwa alipoanza kujipigia pasi mwenyewe alikuwa anajitaja jina na kujiombea, mpaka Shangazi akamkuta akacheka hadi akakaa chini.

Lakini watu hawakuja kwako kwa ajili ya nguo peke yake. Walikuja kuuliza ni kazi gani inayomfaa mtu.

Ulikuwa na elimu yako hiyo, hukufundishwa na mtu. Ulisema mwili una mazoea yake, na nguo ndiyo inayoyajua mazoea hayo kabla ya mwenyewe. Basi mzazi alileta nguo za mtoto wake aliyemaliza shule na hajui pa kushika, nawe uliziinua kwenye mwanga wa dirisha, ukatazama zilipolika. Yule binti wa nyumba ya kona, mifuko ya sketi zake ilikuwa imetanuka na kuchanika kila upande. "Huyu anakusanya, anahifadhi, anajua kila kitu kilipo," ukasema. "Mpeni duka." Leo ana duka, na ukimuuliza sindano anakupa akiwa amefumba macho. Kaka mkubwa naye ulimgeuza mbele ya wageni ukaonyesha suruali yake.

"Tazameni. Magoti mazima, pindo zima, makalio ndiyo yamekwisha."

"Maana yake mvivu," alisema Mama.

"Maana yake anaweza kukaa. Unajua ni watu wangapi hawawezi kukaa? Huyu ni dereva."

Na dereva akawa, wa malori ya safari ndefu, na hajawahi kulalamikia kiti.

Sasa tuseme habari ya binti yako wa kati, kwa sababu mwaka huu ndiye aliyetuumiza vichwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeumia kuliko sisi.

Unakumbuka siku uliyomsoma. Ulikuwa msimu wa baridi, ana miaka kumi na minne, amekuletea chai chumba cha mbele. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa anasubiri koti lake. Ukaipokea chai, ukaiweka, ukamshika mkono na kuugeuza kwenye mwanga. Viwiko vya sweta lake vilikuwa vimelika mpaka uzi unahesabika.

"Mwalimu, unaona hapa?" ukasema. "Huyu ni mtu wa meza. Huyu anaegemea, anafikiri, anaandika. Mungu ameshaandika, mimi nasoma tu."

"Hongera, karani wetu," mwalimu akasema.

Binti yako hakulala vizuri siku ile kwa furaha. Wewe hukuwa mtu wa kusifu ovyo, na sifa yako ulimpa mbele ya mwalimu. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena yeye atafanya kazi gani. Alipokuwa chini ya karo anazibua bomba lililoziba kwa nywele na nyuzi, ulimwita, "Karani, toka huko, utaharibu nguo!" naye akatoka. Alipoingia ofisi ya maji, dirisha la malalamiko, ulifurahi kama umeingia wewe. Kila Jumapili jioni ulimpigia pasi blauzi zake za wiki nzima kwa mkono wako, hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, na uliwaambia wateja, "Hizi ni za ofisini. Zangu hizi."

Naye akakaa dirishani. Watu walikuja, bomba limepasuka, mita inazunguka peke yake, maji yanatoka na kutu, naye akaandika. Lakini hakuweza kuandika tu. Aliuliza. "Linavuja kwenye kiungo au katikati? Koki kuu umeifunga? Izungushe taratibu, usiikoroge kama uji." Foleni ya dirisha lake ikawa ndefu kuliko za wenzake, na mkuu wake akamwonya mara mbili kwamba kazi yake ni kupokea malalamiko, si kuyatibu. Jioni alirudi nyumbani amechoka uchovu ambao hakuuelewa, kwa sababu siku nzima alikuwa amekaa.

Miezi michache baada ya kukuzika alijiandikisha masomo ya jioni ya ufundi bomba. Darasani yeye ndiye mkubwa kwa umri, mama wa wote. Kaka mkubwa alipopata habari alipiga simu kutoka njiani.

"Msomi wetu wa jioni! Nasikia unasomea kulala chini ya sinki."

"Nasomea, kaka."

"Na miwani yako hiyo?"

"Nitaivaa. Maji hayaogopi miwani."

Binti yako alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu. Kila alipotoka darasani alipita mahali patulivu kwenye ngazi, akainamisha kichwa akasali kabla ya kwenda kituoni, na sala yake ilikuwa moja: "Ee Mungu, nisiwe namkosea baba yangu." Kwa sababu wewe ulikwisha kusema, Baba. Na neno lako kwetu halikuwa ushauri. Lilikuwa kama mlango uliotufungulia kwa mkono wako, na kutokea mlango mwingine ni kama kukwambia ulifungua bure.

Mvua zilipoisha, Mama aliamua kupanga upya chumba cha mbele. Tulikuwepo yeye, Shangazi, mdogo wetu wa mwisho na binti yako wa kati. Tukafika kwenye rafu ya nguo zisizo na wenyewe, zile ambazo wateja waliziacha wakahama au wakasahau, nawe ukakataa kuziuza. Mama alishika rafu ile akaanza kucheka peke yake.

"Wifi, nikwambie kitu? Hii rafu imevalisha watoto wangu wote. Lile sweta Mzee alilomsomea huyu, mnalikumbuka? La viwiko?"

"Nalikumbuka," alisema Shangazi.

"Nilimvalisha asubuhi ileile! Baridi imeingia, lake limelowa, nikavuta moja hapa. La mteja. Kabla ya jua kupanda Mzee kashamgeuza mkono, oh, karani, oh, mtu wa meza!"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Na wewe ukanyamaza!"

"Ningesema nini mbele ya mwalimu? Mume wangu ana furaha namna ile! Nikasema moyoni, kwani karani ni kazi mbaya?"

Walicheka wote, Baba. Hata mdogo wetu alicheka. Binti yako alisimama na nguo za watu mikononi.

"Lilikuwa la nani?" aliuliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Mteja alihama."

Alizikunja nguo alizoshika, vizuri, kama ulivyomfundisha, akatoka nje. Tulidhani angefurahi. Tulidhani angesema, kumbe nipo huru! Hakufurahi. Alikuja kutueleza baadaye, kwa taabu, kwamba hakulilia zile siku za dirishani. Alililia jambo moja: wewe uliyemtazama kila mtu mpaka ukamjua, siku ya zamu yake ulitazama mkono wa sweta. Binti wa nyumba ya kona ulimjua. Kaka ulimjua mpaka makalio. Yeye aliyekuwa chini ya karo lako kila wiki, pindo la gauni limelowa, ulimwona na hukumsoma.

Tunajua ulimpenda. Blauzi zile ni ushahidi. Lakini yeye anauliza, "Alikuwa anampigia pasi nani?"

Kisha ikaja barua ya karakana ya ofisi ya maji. Wamemkubali awe fundi msaidizi, aache dirisha, avae ovaroli, afuatane na mafundi mitaani. Kiti chake cha dirishani watampa mtu mwingine siku atakayoondoka, na hakirudi. Aliileta habari hiyo kwa Mama akiwa amepiga magoti.

"Mama, naomba radhi yako niende."

Mama alikasirika. Hatukuwa tumemwona hivyo tangu maziko. "Baba yako alishasema. Sweta la nani, si la nani, kinywa kilikuwa chake. Mtu anakaa ofisini, anaheshimika, leo anataka kuchimba mitaro na vijana! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wifi," alisema Shangazi, "la mkuu alilosikia huyu lilimhusu mteja aliyehama."

"Wewe unamkosoa kaka yako kaburini?"

"Simkosoi. Namjua. Kaka yangu alikuwa akikuta doa aliloliacha kwenye shati la mtu, anarudia kufua. Hakuwa anasema, doa hili nililiacha mimi, basi liheshimiwe."

Mama aliinuka akaingia chumbani. Siku nyingi binti yako aliendelea kumpelekea chakula na kukiondoa, akimwita Mama kwa upole uleule, na Mama akiitika kwa kichwa. Nyumba ilikuwa nzito. Wajukuu wako walikuwa wanacheza kwa kunong'ona.

Juzi Mama akamwita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako.

"Radhi yangu unayo," alisema. "Nimekupa. Nilipaswa kusema siku ile ya sweta na sikusema, basi leo nasema. Nenda. Lakini ya baba yako siwezi kuigawa mimi. Hiyo mwombe mwenyewe."

"Nitamwombaje, Mama?"

"Sijui. Mimi mwenyewe nina mambo nataka kumuuliza."

Ndiyo maana tumeandika haya, Baba, na hatukuandika tu kwamba ulikuwa mwema, ingawa ulikuwa mwema. Binti yako amesali. Amekwenda kaburini akasimama, akakueleza habari za koki na viungo kama vile uko upande wa pili wa dirisha, akarudi. Wapo watu wanaosema wameota wapendwa wao wakapewa jibu. Yeye hajaota. Kila siku anaamka akiwa na swali lilelile. Anaamini Mungu anasikia, na hilo hajalitilia shaka hata siku moja. Analoogopa ni kwamba Mungu akisikia si lazima wewe nawe usikie.

Sisi wengine tumemwombea, nasi hatujui zaidi yake. Kaka mkubwa anasema ungecheka. Mdogo wetu anasema ungenyamaza siku mbili halafu ungeuliza mshahara. Mama anasema hamumjui Mzee nyinyi, angekataa kwanza. Kila mmoja ana baba yake, na wa binti yako wa kati ndiye pekee asiyesema kitu.

Jumatatu anaanza. Ameshasaini, hakungoja tena. Hana hakika kama umeridhia, naye anakwenda hivyohivyo. Kama umekasirika, Baba, kasirika, lakini safari hii mtazame yeye.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyebaki na maswali yake. Dada yako, ambaye bado anakutetea kwa kukupinga. Mwanao wa kwanza, dereva. Binti yako wa kati, fundi bomba. Kitinda mimba wako, anayesema kazi yake ataitafuta mwenyewe. Wakwe zako, wajukuu zako, na wateja ambao nguo zao bado tunazo.

Mwenyezi Mungu akupumzishe mahali pema. Tutakukumbuka daima, siku tunazokubaliana nawe na siku tusizokubaliana.