Boti ya Kapata na Karatasi Niliyoikunja

Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Joto limetukaba tangu asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya Kolwezi, yanatutazama tu, hayaleti kitu. Viatu vyangu vimelowa, lakini si kwa mvua. Vimelowa kwa maji ya ziwa la Nzilo, yaliyoingia ndani ya boti niliyoichora mwenyewe.

Nimekasirika. Nimewakasirikia waliocheka, nimemkasirikia Tata Mukendi, na kuliko wote nimejikasirikia mimi. Naandika hapa kwenye blogu yangu kwa sababu sina mtu wa kumweleza ambaye hataniambia "pole" kisha akaendelea na mambo yake.

Acha nianze na boti. Kwa miezi minane atelier yetu, karakana ya vyuma hapa mtaa wa Kapata, imekuwa ikijenga vedette, yaani boti ndogo ya doria, mita nane, kwa ajili ya jeshi la majini. Bado si agizo, ni jaribio. Tujenge moja, waione ikiwa majini, na ikifaa tupewe nyingine za kwenda ziwa Tanganyika. Tuko watu kumi na wanne, karibu wote watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni ya zamani kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Hakuna hata mmoja aliyekulia kando ya bahari. Tulipoanza, majirani walituuliza kama tunalala vizuri.

Mimi niliingia kazi hii kwa hasira. Niliona kwenye simu nchi moja ya mbali ikishangilia meli ya kivita iliyojengwa na mafundi wake, tena wanasema nyambizi nayo iko njiani. Hao nao walianza na boti ndogo, wakakosea, wakarudia. Nikafikiria nyaya za shaba zilizomo ndani ya hiyo nyambizi, na betri zake. Kisha nikatoka nje kununua mkate, nikasubiri malori ya shaba yapite ndipo nivuke barabara. Tumekalia shaba, halafu boti ya kulinda ziwa letu tunaitazamia itoke kwa watu wanaoinunua shaba hiyo! Jambo hilo lilinichoma, na hata leo linanichoma.

Tata Mukendi, tata kwetu ni baba, ndiye mkubwa wa atelier. Maisha yake yote ya kazi alijenga matangi ya asidi, yale makubwa ya kusafishia shaba. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua nyumbani kwake, akanifundisha kusoma mchoro kabla sijakanyaga chuo. Nikiitwa leo "mama ingénieur," yaani mhandisi, ni kwa sababu yake.

Sasa, mafundi wa matangi wana desturi yao. Kila bamba la chuma huongezewa unene kuliko unaohitajika, na huo unene wa ziada wanauita chakula cha asidi. Asidi itakula pole pole, mwaka baada ya mwaka, na tanki litabaki limesimama. Fundi anayesahau chakula cha asidi anaweza kuua watu. Hapa Kapata hata watoto wanalijua hilo.

Kwenye mchoro wangu niliandika milimita nne. Tata Mukendi aliutazama, akatabasamu.

"Quatre? Hii ni ya kutengeneza sahani, mwanangu. Tia huit. Mayi nayo inakulaka chuma."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Bamba likawa milimita nane, mbavu za boti zikanenepa, sakafu ikanenepa. Wiki ile nikakaa na karatasi, nikapiga hesabu ya uzito mstari kwa mstari. Zaidi ya tani mbili za chuma kisicho na kazi. Boti ingezama shubiri nzima kupita alama niliyoichora, na matundu ya kutolea maji sakafuni yangekuwa chini ya maji. Badala ya kutoa maji, yangeyaingiza. Nikaandika tarehe, nikatia sahihi, nikaenda kumwonyesha.

Nikamkuta amezungukwa na wageni, anawaonyesha bamba la kwanza alilolikunja. Alikuwa anawaambia boti hii itawazika wajukuu zake. Sijamwona na furaha ya namna ile tangu kampuni ilipomwambia abaki nyumbani.

Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia ndani ya mkoba.

Mtoto hamsahihishi baba mbele ya watu, nilijiambia, na Tata Mukendi hakai kamwe bila watu. Basi nitamwambia kesho, akiwa peke yake. Kesho hiyo imekaa miezi sita.

Leo tumeipeleka Nzilo kwa lori. Akina mama wa Kapata wameimba njia nzima kwa Kiluba cha Kasai. Kamanda wa jeshi la majini amekuja kutoka upande wa Tanganyika, mtu mpole, mwenye daftari dogo mfukoni. Boti imeshushwa tupu, ikaelea. Tumepiga kelele hadi koo zikakauka. Kwa dakika tano hivi nami niliamini hesabu yangu ilikuwa ya uongo.

Kisha tumepanda kumi, pamoja na mifuko ya mchanga ya kushika nafasi ya silaha. Boti ikashuka. Ikashuka tena. Maji yakaja kupitia matundu, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama palepale nilipojua yatatokea, yakaanza na viatu vyangu.

Vijana wachimbaji waliokuwa wanaoga ukingoni wakaanza kuita:

"Ee, bana Kapata! Mulisema munajenga vedette, kumbe ni sous-marin!"

Nyambizi! Hata baadhi ya mama zetu walicheka. Siku nyingine nami ningecheka, kwa kweli ni utani mzuri. Ila naomba iandikwe mahali fulani, basi iandikwe hapa: boti haikuzama. Tumerudi nayo ufukoni, tumelowa hadi magotini, lakini tumerudi nayo.

Kamanda hakukasirika. Ameuliza ni nani aliyechora. Kabla sijafungua mdomo, Tata Mukendi amesogea mbele, kofia mkononi.

"Mutoto alichora bien, mon commandant. Ni miye njo niliongeza unene ya tôle. Kosa ni ya miye."

Kamanda akanigeukia.

"Mama, mbele ya kutia bateau mu mayi, mulifanya calcul ya buzito?"

Watu wote walinitazama. Nikisema ndiyo, swali linalofuata ni kwa nini basi mzee aliendelea. Atelier nzima ipo, wanaocheka wapo, na yeye amesimama pale suruali inachuruzika maji, ameshabeba kosa lake na la kwangu. Sikuweza kumwongezea aibu. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule.

"Hapana, mon commandant. Hatukufanya."

Amefunga daftari.

"Tôle nzito inakatwaka. Bote banakosea, hata bale banajengaka sous-marin ya kweli. Lakini atelier yenye haipime, siwezi kuipatia bateau ya pili."

Na mkoba ulikuwa begani mwangu! Karatasi ndani! Nilitaka kuficha aibu ya Tata Mukendi, nikaishia kumwambia mgeni kwamba Tata Mukendi hapimi. Mtu huyu hupima mlango wa jirani kabla ya kumletea kitanda. Milimita nane tungeweza kuzikata. Uongo wangu ndio uliotupokonya boti ya pili.

Tuliposhuka kwenye lori Kapata, Tata Mukendi amesema jambo moja tu, tena si kwangu hasa:

"Tangu nianze kazi, hakuna mutu aliyesema miye sijue kupima."

Halafu wote wakatawanyika. Hakuna aliyetaka kuonekana amesimama karibu na boti.

Kamanda analala hotelini mjini, anaondoka Jumatatu. Nimefungua mkoba. Karatasi imelowa pembeni, lakini namba zinasomeka, tarehe inasomeka, na sahihi ni yangu. Inathibitisha kwamba atelier ya Kapata inapima. Inathibitisha pia kwamba mimi nilijua, na nikawaacha watu kumi na watatu wachomelee kwa miezi sita chuma cha kutufanya tuchekwe. Siwezi kuonyesha nusu moja nikaficha nyingine.

Nilikuwa nataka kumaliza hapa kwa kuandika kwamba kesho, baada ya misa, nitakwenda kwa Tata Mukendi, kisha twende pamoja kwa kamanda. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeifuta.

Kwa sababu dirisha langu liko wazi, na nasikia mashine ya kukata chuma kule atelier. Inakata, inanyamaza, inakata tena. Ni mkono wake, naujua. Ameanza kuondoa ile sakafu nene, na hakuna sauti nyingine yoyote, hakuna mgeni, hakuna anayemsifu.

Tata Mukendi yuko peke yake.

Miezi sita nimesubiri hivyo. Natuma maandishi haya, nachukua karatasi, natoka na viatu vyangu hivihivi vilivyolowa.